Usimame wapi? Kuchagua uwanja mdogo wa Uskoti wenye ngazi za kusimama

Mgeni wa soka la Uskoti huwaza Celtic Park na Ibrox, viwanja vya Celtic na Rangers, akaishia kutafuta tiketi ambazo hazipo. Jumamosi hiyohiyo, saa tisa alasiri, kuna mechi Arbroath, Ayr, Greenock na Dumfries. Huko unalipa pesa ambazo kwa kawaida ni kati ya pauni 15 na 25, unapita getini na kujichagulia pa kusimama, juu ya ngazi za zege ambazo hazina kiti hata kimoja.

Kwa asiye na muda wa kusoma yote: mwenye watoto aende Dumfries. Anayetaka kelele aende Greenock. Anayetaka kuona jinsi viwanja vilivyokuwa enzi za mababu, Ayr. Mwenye koti zito na moyo mgumu, Arbroath. Ukiwa umefuatana na mzee mwenye magoti mabovu, achana na ngazi zote, nendeni Dumbarton mkakae. Sababu zangu nyingi zinahusu namna utakavyotoka uwanjani kuliko namna utakavyoingia, na nitaeleza kwa nini.

Ngazi zilivyobaki

Maafa ya Hillsborough ya tarehe 15 Aprili 1989 mjini Sheffield yaliua watu 97. Ripoti ya Jaji Taylor iliyofuata ilitaka viwanja viwekwe viti, na sheria ikalazimisha hilo kwa madaraja ya juu. Lakini sheria hiyo ni ya England na Wales tu. Uskoti, viti viliingia kwa mlango wa kanuni za ligi: klabu iliyotaka kucheza ligi kuu ilidaiwa viti 10,000, idadi ambayo baadaye ilishushwa hadi 6,000. Ross County walipopanda mwaka 2012, ngazi za nyuma ya goli pale Dingwall ziliondoka, viti vikaingia. Klabu ambazo hazikupanda hazikuwa na wa kuwalazimisha, wala hazikuwa na fedha za kujenga upya. Ndiyo maana ngazi bado zipo.

Isidhaniwe kwamba Waskoti hawajui uchungu wa jambo hili. Tarehe 5 Aprili 1902, Uskoti ikicheza na England pale Ibrox, mbao za jukwaa la kusimama zilivunjika, watu wakaporomoka, 25 wakafa. Mhandisi aliyeuchora uwanja huo, Archibald Leitch, hakuacha kazi. Aligeukia ngazi zilizokalia tuta la udongo na vyuma imara vya kuegemea, akaendelea kujenga viwanja kote Uingereza. Jukwaa kuu la Ayr la mwaka 1924 ni kazi yake.

Kisha ikaja tarehe 2 Januari 1971, Ibrox tena, Rangers na Celtic. Mechi ilikuwa imekwisha. Watu walikuwa wanateremka kwenda nyumbani kupitia ngazi ya kutokea namba 13, mmoja au wawili wakajikwaa, walioko nyuma wakaendelea kusukumwa na umati. Wakafa 66, wakiwemo wavulana watano wa kijiji kimoja cha Fife, Markinch. Kwa miaka mingi ilisimuliwa kwamba bao la dakika za mwisho liliwafanya waliotoka warudi mbio wakagongana na wanaoteremka. Uchunguzi haukuona hivyo: wote walikuwa wanaelekea upande mmoja, chini. Ngazi hiyohiyo ilikuwa imeshaua watu wawili mwaka 1961.

Hiyo ndiyo sababu ya mimi kutazama njia ya kutokea kabla sijatazama goli. Waliokufa 1971 walikuwa wamekwisha toka pale waliposimama kwa dakika zote 90.

Hesabu nyuma ya idadi ya watu inayoruhusiwa kuingia

Baada ya maafa hayo, ripoti ya 1972 ya Lord Wheatley, jaji wa Uskoti, ilizaa Sheria ya Usalama wa Viwanja vya Michezo ya 1975, na pamoja nayo mwongozo ambao kila msimamizi wa uwanja anaujua kwa jina la Green Guide. Mwongozo huo hautazami uwanja unaonekana mkubwa kiasi gani. Unapiga hesabu nne: wangapi wanaenea, wangapi wanaweza kuingia kwa saa moja, wangapi wanaweza kutoka kwa utaratibu wa kawaida, na wangapi wanaweza kuondolewa haraka kukitokea hatari. Hesabu iliyo ndogo kuliko zote ndiyo inayoshika.

Tuchukue ngazi zenye mita za mraba 300 zinazofaa kusimamiwa. Kiwango cha juu kabisa ni watu 47 kwa kila mita 10 za mraba, hivyo tunaanza na 1,410. Halafu wakaguzi wanaangalia hali ya zege na vyuma, na uwezo wa klabu kusimamia watu, kila kimoja kinapewa alama kati ya 0 na 1, na alama ya chini ndiyo inayotumika. Zege limebomoka pembeni na vyuma vimekula kutu? Wakitoa 0.6, tumebaki na 846. Sasa tazama njia ya kutokea: kama ni ngazi moja yenye upana wa mita 1.2, inapitisha watu 66 kwa kila mita kwa dakika, na muda wa kutoka usizidi dakika nane. Jibu ni 633. Basi 633 ndiyo namba, hata kama macho yako yanaona nafasi ya watu elfu moja na ushee.

Ukiingia uwanja wa zamani ukaona ngazi nusu tupu huku tangazo likisema tiketi zimekwisha, usidhani umeibiwa. Hesabu ya mlango imeishinda hesabu ya nafasi.

Aina nne za nafasi

*Ngazi za wazi.* Hazina paa, hazina kiti, mara nyingi ndizo zenye nafasi ya kutembea. Mvua ni yako. Kwa jicho la sheria kuna jambo ambalo wengi hawalitambui. Cheti cha usalama kutoka halmashauri kinahitajika kwa uwanja mzima pale ambapo umeorodheshwa kuwa na uwezo wa zaidi ya 10,000. Chini ya hapo, kinahitajika kwa jukwaa lenye paa linalochukua watu 500 au zaidi, na hili limetokana na sheria ya 1987 iliyofuata moto wa uwanja wa Bradford, England. Ngazi za wazi za klabu ndogo zinaweza zisiwe na cheti kabisa. Halmashauri bado ina mamlaka ya kufunga sehemu yoyote ya hatari, lakini ukaguzi wa lazima unaoambatana na cheti haupo. Kwa hiyo jicho lako ni sehemu ya ulinzi. Zege lililomeguka, chuma kinachotikisika ukikishika, majani yaliyoota kwenye nyufa: sogea kwingine.

*Ngazi zenye paa.* Ndiyo chaguo langu karibu kila mara. Sauti inagonga bati na kurudi, mvua inabaki nje, na kama jukwaa linachukua 500 na kuendelea basi limepitiwa na wakaguzi. Kasoro yake ni kwamba kila mtu analitaka. Mvua ikianza, waliokuwa wazi wanakimbilia chini ya paa na msongamano unapatikana pale pasipotarajiwa, hasa kwenye kingo za pembeni ambako watu wanasimama njiani.

*Viti.* Vizuri kwa wazee, wajawazito, na anayetaka kuona mpira bila kunyoosha shingo. Majukwaa mengine bado yana mbao za zamani, na hapo usiwashe hata njiti. Bradford, tarehe 11 Mei 1985, takataka zilizokusanyika miaka na miaka chini ya jukwaa la mbao zilishika moto, na watu 56 wakafa. Tabia moja ya kuepuka ni kusimama dakika zote mbele ya kiti cha kawaida. Mgongo wa kiti kilicho mbele yako unaishia magotini, hakuna chuma cha kukuzuia, na bao likifungwa mnaangukiana safu kwa safu. Mtu aliyesimama kwenye ngazi zenye vyuma yuko salama kuliko aliyesimama mbele ya kiti.

*Viti vyenye reli.* Kila safu ina reli ya chuma kiunoni na kiti kinachokunjwa, mtu mmoja kwa kiti kimoja. Celtic walifunga zaidi ya 2,500 mwaka 2016 kwa idhini ya halmashauri ya jiji la Glasgow, Kilmarnock wakafuata kwa sehemu ndogo. Wakenya waliokuwa wakimfuata Victor Wanyama pale Celtic Park, 2011 hadi 2013, hawakuzikuta. Kiusalama sina la kuzikosoa. Ila hujichagulii pa kusimama wala mtu wa kusimama naye, na kwa klabu inayoingiza watu mia tano gharama yake haielezeki.

Viwanja vyenyewe

*Palmerston Park, Dumfries (Queen of the South).* Ngazi za Portland Drive ziko nyuma ya goli, zina paa, na juu ya paa pameketi saa inayoonekana uwanja mzima. Upande mwingine kuna jukwaa la viti la 1995, kubwa na la kisasa. Kwa familia hili ni jambo kubwa: mtoto akichoka au akiogopa kelele, kuna pa kumpeleka kwenye viti, mkiwahi kuuliza getini kabla ya kulipa. Klabu ni ndogo lakini ina historia: mwaka 2008 ilifika fainali ya Kombe la Uskoti ikafungwa na Rangers 3–2. Uwanja una nyasi bandia, kwa hiyo mechi haiahirishwi kirahisi kwa ajili ya barafu. Ubaya ni umbali. Dumfries iko kusini kabisa, na treni za kutoka Glasgow si nyingi.

Kuhusu watoto kwenye ngazi popote pale: vyuma vya kuegemea huwa na kimo cha kama mita 1.1. Kwako kinafika juu ya kiuno. Kwa mtoto wa miaka sita au saba kinamjia usoni, kwa hiyo ama haoni kitu ama atakuomba umkalishe juu yake. Usimkalishe. Watoto wanapelekwa chini kabisa, kwenye ukuta wa mbele, ambako wanaona vizuri na hakuna wa kuwasukuma kama mechi haijajaa. Mechi ikijaa, chukua viti, usibishane na nafsi.

*Cappielow, Greenock (Morton).* Morton wako hapa tangu 1879, na tangu 2021 klabu inamilikiwa na mashabiki wenyewe. Upande mmoja mrefu una Cowshed, paa la kale ambalo chini yake ndiko kelele zinakopikwa. Nyuma ya goli la Sinclair Street ngazi ziko wazi. Kwa uzuri wa mechi, sijaona palipo bora kwa bei hii: uko karibu na mchezaji kiasi cha kusikia anavyotukanwa na beki wake. Lakini huu ni uwanja mkubwa kuliko mahitaji yake, una uwezo wa zaidi ya 11,000, na siku za mechi kubwa mashabiki wa pande mbili hutenganishwa. Siku hizo huchagui tena pa kusimama. Kituo cha treni cha Cartsdyke kiko hatua chache, jambo jema, ila baada ya mechi watu wote wanaelekea uchochoro uleule. Subiri dakika kumi ndani, utoke taratibu.

*Somerset Park, Ayr.* Uwanja ulifunguliwa 1888. Kwa miaka mingi ulihesabiwa kuchukua watu zaidi kidogo ya 10,000, na wengi wao wa kusimama. Sehemu ya ngazi ina paa, sehemu haina, na ukiwahi unaweza kuzunguka kulinganisha mwenyewe. Hapa ndipo ninapowaleta wageni wanaotaka kuelewa vyuma vya kuegemea vinafanya kazi gani. Simama kwenye ngazi ya juu, tazama chini: havikupangwa mstari mmoja toka juu hadi chini, vimepishana, ili umati ukisukuma usipate njia moja iliyonyooka ya kuporomoka. Njia za kupita zimepakwa rangi, mara nyingi njano, na hazisimamiwi hata kama zina mandhari nzuri kuliko zote. Wakongwe wa ngazi wana kanuni yao: chuma kiwe mgongoni kwako, kisiwe tumboni. Kikiwa mgongoni kinapokea uzito wa walio nyuma. Kikiwa tumboni, wewe ndiwe unayebanwa.

*Gayfield, Arbroath.* Bahari ya Kaskazini iko nyuma ya ukuta, na siku za dhoruba maji yanaruka juu ya ukuta na kuwamwagikia watu. Pande tatu ni ngazi, zenye vipande vya paa hapa na pale. Mahali hapa ndipo Arbroath walipowafunga Bon Accord 36–0 tarehe 12 Septemba 1885, na ndipo timu ya wachezaji wenye kazi nyingine za kutwa ilipokaribia kupanda ligi kuu msimu wa 2021–22, ikamaliza ya pili. Kwa mapenzi ya soka, nenda. Kwa starehe, usiende kati ya Novemba na Februari. Upepo hapa unageuza mkwaju wa golikipa ukarudi kwake, na zege linapoloa maji ya chumvi linateleza. Viatu vyenye soli nene na mashiko ni lazima, na kipande cha boksi cha kukanyagia si aibu, baridi ya zege inapanda kupitia miguu kabla haijafika masikioni.

*Glebe Park, Brechin.* Upande mmoja una ua mrefu wa miti aina ya beech uliokatwa vizuri, na mtu huja kuupiga picha. Timu ilishuka hadi Highland League, ligi ya kanda iliyo chini ya madaraja manne ya kitaifa, mwaka 2021, kwa hiyo watu ni wachache na nafasi ni tele. Treni ya kawaida haifiki.

*Dumbarton.* Jukwaa moja tu, viti kama 2,000, chini ya mwamba mkubwa wenye ngome. Hakuna ngazi. Mandhari ni ya kutosha kabisa, hali ya mechi ni ya kanisani.

Getini na ndani

Kanuni nyingi zinafanana popote uendapo. Chupa za kioo na makopo yanabaki nje. Kujaribu kuingia ukiwa umelewa ni kosa la jinai kwenye viwanja vya ligi, si suala la msimamizi kukuonea, na shabiki wa kawaida hauziwi pombe jukwaani. Hilo limetokana na vurugu za fainali ya Kombe la Uskoti ya 1980 kati ya Celtic na Rangers pale Hampden. Watu hunywa kabla, baa za jirani zinajaa, kisha wanawasili wote dakika kumi kabla ya filimbi. Geti moja la kuzunguka linahesabiwa kupitisha watu wasiozidi 660 kwa saa, yaani 11 kwa dakika, kwa hiyo hao wa dakika kumi za mwisho ndio wanaotengeneza foleni na kusukumana. Fika saa nane na nusu, utachagua pa kusimama bila kugombana na mtu.

Fataki na moshi wa rangi ni marufuku, na sheria ya 2022 iliongeza makali. Kijana akikuomba umshikie kitu mfukoni, kataa.

Kwenye madaraja ya chini mashabiki mara nyingi hawatenganishwi. Utaona wakati wa mapumziko watu wakihama kutoka goli moja hadi jingine ili wawe nyuma ya goli ambalo timu yao inashambulia. Hama nao, lakini pita njia za kupita, usikate katikati ya ngazi huku umeshika chai ya moto. Mechi ikitangazwa kuwa na mgawanyo wa mashabiki, nunua tiketi ya upande wako mtandaoni mapema na usivae rangi za wengine.

Mambo mawili kwa ndugu zangu Waislamu. Pai ya uwanjani ni ya nyama, kwa kawaida kondoo au ng'ombe, si halali, na hata ile ya makaroni isiyo na nyama ganda lake linaweza kuwa limekandwa kwa mafuta ya wanyama. Bovril nayo, kinywaji cha moto kinachopitishwa mkono hadi mkono, imetokana na ng'ombe. Uliza, au kula kabla. Na mwezi Desemba jua linatua karibu saa tisa na dakika arubaini alasiri, maana yake Magharibi inaingia wakati kipindi cha kwanza kinakwisha. Alasiri iswaliwe kabla ya kuingia uwanjani, na mapumziko ya dakika kumi na tano yanatosha kwa Magharibi ukishapata kona kavu nyuma ya jukwaa. Mwambie msimamizi unachotaka kufanya, usije ukajitandikia mbele ya mlango wa dharura.